Ukuaji wa Mtandao wa Redio za Kibiashara za Lugha za Asili Nchini Kenya: Lugha, Eneo na Umiliki

Utangulizi

Tunapotaja redio ya mashinani, fikra ya kwanza huenda kwenye mahali: studio iliyopo mjini, mlingoti juu ya kilima cha jirani, na msikilizaji anayeweza kufika mlangoni kwa miguu akiwa na tangazo lake mkononi. Nchini Kenya fikra hiyo haitoshi. Tangu mwaka 2000, sehemu kubwa ya redio za kibiashara zinazohesabiwa kuwa za mashinani imekua kwa kufuata mipaka ya lugha kuliko mipaka ya wilaya au kaunti. Aidha, nyingi kati ya redio hizo ni mali ya kampuni chache zenye makao makuu jijini Nairobi.

Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea na maana yake. Mfano mkuu ni mtandao wa kampuni ya Royal Media Services, ulio mpana kuliko mingine ya aina yake nchini, ingawa kampuni nyingine na shirika la umma vitatajwa kwa ajili ya ulinganisho. Hoja inayojengwa ni kwamba mtandao ndio uliozipa lugha nyingi za Kenya sauti ya saa 24 hewani, jambo ambalo kituo kimoja kimoja kisingeweza kulimudu kwa urahisi. Hata hivyo, mtandao huohuo ndio ulioamua lugha ipi ipate sauti hiyo na ipi ikae kimya, na kipimo chake kilikuwa soko. Kwa hiyo, mtafiti anayeuliza iwapo redio fulani ni ya mahali hana budi kuuliza maswali mawili tofauti: redio hiyo husema kwa lugha ya nani, na huamuliwa na nani?

Kabla ya 2000: Lugha Zilizogawana Saa

Utangazaji wa redio nchini Kenya ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya walowezi. Matangazo ya lugha za Kiafrika yalipata nguvu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale ambapo serikali ya kikoloni ilihitaji kuzifikia familia za askari waliopelekwa vitani. Tangu hapo lugha za asili ziliingia hewani kwa haja ya dola kuliko haja ya wasemaji wake. Shirika la Utangazaji la Kenya liliundwa mwaka 1961, likataifishwa mwaka 1964 na kuitwa Sauti ya Kenya, kisha likarejeshewa jina lake la kwanza mwaka 1989.

Katika kipindi hicho chote utaratibu ulikuwa mmoja. Kiswahili kilikuwa na Idhaa ya Taifa, na Kiingereza kilikuwa na idhaa yake. Lugha nyingine ziliwekwa katika mafungu na kugawana saa za siku katika mtambo mmoja. Idhaa iliyotoka Kisumu, kwa mfano, iliwahudumia wasemaji wa Dholuo, Kiluhya, Kikisii na Kikalenjin kwa zamu. Kila lugha ilikuwa na habari zake, salamu zake na matangazo yake ya vifo, kisha ikaipisha nyingine.

Utaratibu huo ulikuwa na faida moja ambayo husahauliwa: lugha yenye wasemaji wachache iliweza kupata zamu, kwa kuwa haikutakiwa kujilipia. Kasoro yake nayo ilikuwa dhahiri. Hakuna lugha iliyokuwa na siku nzima, habari zilitoka kwa serikali, na mjadala wa kisiasa ulikuwa wa upande mmoja. Msikilizaji alisikia lugha ya mama yake, lakini hakusikia maoni ya jirani yake.

Kufunguliwa kwa Masafa

Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1991 kwa kufutwa kwa kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati huo, magazeti yalipanuka haraka kuliko redio. Serikali iliachia magazeti mapema, lakini masafa iliyashika kwa mkono mzito. Capital FM ilianza Nairobi mwaka 1996, ikitangaza kwa Kiingereza kwa wakazi wa mjini. Royal Media Services, kampuni ya mfanyabiashara Samuel Kamau Macharia, iliingia hewani na Radio Citizen mwishoni mwa muongo huo, na ikapitia misukosuko mingi na serikali ya Rais Daniel arap Moi kuhusu masafa na leseni.

Hatua iliyobadilisha mwelekeo wa soko ilikuwa kuanzishwa kwa Kameme FM mwaka 2000, chini ya Rose Kimotho na kampuni yake ya Regional Reach. Hiki kilikuwa kituo cha kwanza cha binafsi kutangaza kwa Kikuyu. Kabla ya hapo, wauzaji wengi wa matangazo waliamini kwamba mnunuzi mwenye fedha husikiliza Kiingereza, na kwamba lugha ya asili ni ya mtu asiye na cha kununua. Kameme ilionyesha kwamba mkulima wa chai, mwenye matatu na karani wa benki wanaweza kuwa wasikilizaji wa redio moja, mradi redio hiyo izungumze kama wanavyozungumza nyumbani.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2002, serikali mpya ililegeza utoaji wa leseni, na ukuaji ukashika kasi. Royal Media Services haikungoja kuona kama mfano wa Kikuyu ungefaa kwa wengine. Ilianzisha Inooro FM kwa Kikuyu, Ramogi FM kwa Dholuo, Mulembe FM kwa Kiluhya, Musyi FM kwa Kikamba, Egesa FM kwa Kikisii, Chamgei FM kwa Kikalenjin, Muuga FM kwa Kimeru na Bahari FM kwa Kiswahili cha Pwani. Baadaye zikaongezwa Wimwaro FM kwa wasemaji wa Kiembu, Sulwe FM kwa Wabukusu na Vuuka FM kwa Wamaragoli.

Washindani walifuata njia hiyohiyo. Kameme iliingia katika kundi la Mediamax, ambalo lilikuwa pia na Meru FM, Emoo FM ya Kikalenjin na Mayian FM ya Kimaasai. Shirika la umma, lililokuwa na mazoea ya kugawa saa, nalo lilivunja mafungu yake ya zamani na kuanzisha idhaa kamili: Coro FM ya Kikuyu, Mayienga FM ya Dholuo, Ingo FM ya Kiluhya, Kitwek FM ya Kikalenjin, Minto FM ya Kikisii, Pwani FM na nyingine. Hapa inaonekana jinsi soko lilivyoweza kubadilisha hata taasisi ambayo haikuundwa kwa ajili ya soko.

Namna Mtandao Unavyofanya Kazi

Ili kuelewa kwa nini ukuaji huu ulichukua sura ya mtandao badala ya vituo huru vingi, ni lazima kuzitazama gharama. Mawimbi ya FM husafiri takriban kwa mstari ulionyooka. Mlima ukiyakinga, hayafiki bondeni. Nchi yenye nyanda za juu na mabonde kama Kenya huhitaji milingoti mingi juu ya miinuko: Limuru, Timboroa, Mazeras, Vuria katika milima ya Taita, na kwingineko. Mlingoti huhitaji ardhi, umeme, jenereta, mlinzi na fundi. Lakini mlingoti ukishasimama unaweza kubeba antena za idhaa kadhaa. Kampuni iliyokwisha kugharimia mlingoti kwa ajili ya Radio Citizen iliweza kuongeza idhaa ya lugha nyingine mahali palepale kwa gharama ndogo kuliko ile ya mtu anayeanza bila kitu.

Jambo la pili ni habari. Chumba kimoja cha habari huweza kukusanya taarifa za Bunge, mahakama, bei za mazao na michezo, kisha kila idhaa ikazifasiri. Mtangazaji wa Kikisii na mtangazaji wa Kikamba hupokea tukio moja, lakini kila mmoja hulitafutia istilahi, methali na mkazo wa lugha yake. Kazi hiyo ya kufasiri kwa haraka, mara nyingi bila kamusi ya istilahi mkononi, imekuwa karakana kubwa ya msamiati mpya wa lugha za Kenya, na inastahili kuchunguzwa na wanaisimu kuliko inavyochunguzwa sasa.

La tatu ni mauzo. Kampuni ya simu, sabuni au mbegu inayotaka kuifikia nchi nzima haitaki kujadiliana na vituo kumi. Mtandao humuuzia mteja huyo fungu moja la matangazo linalofika katika lugha nyingi kwa wakati mmoja. Mteja mkubwa wa Nairobi ndiye anayebeba sehemu nzito ya gharama, na mwenye duka la mji mdogo hujazia.

Pamoja na hayo, kuna mapato ambayo hayatokani na kampuni kubwa, nayo ndiyo yanayoifanya redio iwe ya watu. Tangazo la kifo ndilo mfano bora. Familia moja huwa na mtoto Nairobi, mwingine Nakuru, wa tatu Mombasa, na wazee kijijini. Tangazo linapotaja jina la marehemu, ukoo wake, watoto wake na siku ya mazishi, husikika kwa wote hao kwa siku moja na kwa lugha inayostahili msiba. Magazeti hayawezi kazi hiyo kwa asiyesoma, wala simu haiwezi kumfikia kila jamaa.

Mfano huo unatufundisha maana ya eneo katika mtandao huu. Inooro FM haisikiki katika kaunti za Mlima Kenya pekee. Imewafuata wasemaji wake hadi Nakuru na Mombasa kwa masafa tofauti katika kila eneo. Ramogi FM vilevile husikika Kisumu na pia Nairobi. Eneo la idhaa, kwa hiyo, ni mahali popote palipo na wasemaji wa kutosha, hata kama wamezungukwa na wasemaji wa lugha nyingine.

Lugha Zipi Huingia, Zipi Hubaki Nje

Takwimu za sensa ya 2019 husaidia kuonyesha mantiki ya mtandao. Sensa ilihesabu utambulisho wa kikabila, haikupima lugha inayotumiwa nyumbani; kwa hiyo tarakimu hizi ni kiashiria tu. Kati ya watu milioni 47.6, Wakikuyu walikuwa takriban milioni 8.1, Waluhya milioni 6.8, Wakalenjin milioni 6.4, Waluo milioni 5.1, Wakamba milioni 4.7, Wakisii milioni 2.7 na Wameru karibu milioni 2. Makundi yote hayo yana idhaa katika mtandao wa Royal Media Services. Hadi hapo, idadi inaeleza karibu kila kitu.

Lakini idadi haielezi yote. Wasomali walihesabiwa kuwa takriban milioni 2.8, yaani wengi kidogo kuliko Wakisii, na Wamijikenda takriban milioni 2.5. Hata hivyo, mtandao huo haukuanzisha idhaa ya Kisomali. Lugha hiyo ilipata Iftiin FM ya shirika la umma na Star FM, kituo cha binafsi kilicho nje ya kundi hili. Kwa Pwani, Royal Media Services na shirika la umma zote zilichagua Kiswahili, kupitia Bahari FM na Pwani FM.

Sababu mbili zinaweza kutolewa. Kwanza, ni umbali. Wasemaji wa Kisomali katika kaunti za kaskazini mashariki wametawanyika katika nchi kavu na pana, ambapo mlingoti mmoja huwafikia watu wachache kuliko mlingoti uleule ukisimamishwa Kisii, mojawapo ya maeneo yenye msongamano mkubwa wa watu mashambani. Pili, ni kuwepo kwa lugha mbadala. Mgiriama au Mdigo wa Mombasa anaweza kufikiwa kwa Kiswahili bila gharama ya idhaa ya pili. Kiswahili cha Pwani, ambacho kwa wenyeji wa Mvita, Lamu na Vanga ni lugha ya mama kama Kikuyu kilivyo kwa Mkikuyu, kimejikuta kikibeba kazi mbili: kuwa sauti ya wenyewe, na kuwa daraja la kuwafikia wengine. Umaarufu wake ndio ulioipunguzia Kimijikenda nafasi katika mitandao mikubwa.

Mfano wa Kiluhya unaonyesha upande wa pili wa mantiki hiyo. Kiluhya ni jina la jumla la lahaja nyingi, na wasemaji wa baadhi yake hawaelewani kwa urahisi. Mulembe FM ilianza kwa kuwahudumia wote chini ya jina moja. Soko lilipothibitika, kampuni ileile ilitenga Sulwe FM kwa Wabukusu na Vuuka FM kwa Wamaragoli. Jina moja la kabila lililokuwa limeunganishwa kwa faida ya utawala na siasa likagawanywa tena kwa faida ya biashara. Kwa mtazamo wa isimujamii, redio imekuwa mojawapo ya taasisi zinazoamua ipi ni lugha na ipi ni lahaja.

Waliobaki nje kabisa ni wale ambao hesabu haiwatoshi. Waelmolo, waishio kando ya Ziwa Turkana, walihesabiwa kuwa 1,104 mwaka 2019. Mtandao wa kibiashara hauwezi kuwafikia kwa lugha yao, si kwa chuki wala kwa uzembe, bali kwa sababu ulijengwa juu ya mteja anayenunua wasikilizaji. Kwa lugha kama hizo, utaratibu wa zamani wa kugawana saa, pamoja na redio za jamii, ungali na kazi.

Kilichowekwa Rehani

Udhaifu wa mtandao ulijitokeza kwa uchungu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 30 Desemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilipokea malalamiko kuhusu vituo kadhaa vya lugha za asili vya kampuni mbalimbali, hasa vipindi vya kupiga simu. Mtangazaji mmoja wa kituo cha Kikalenjin kisicho cha mtandao tunaoujadili alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi hiyo ilisitishwa Aprili 2016 bila ya yeye kupatikana na hatia.

Si haki kuzitwika redio hizo mzigo wote wa ghasia. Mgogoro wa ardhi, uchaguzi uliobishaniwa na makundi yaliyopangwa vilikuwapo. Tena Januari 2008 vyombo vya habari nchini viliungana kutoa ujumbe mmoja wa kuomba amani. Jambo linalofaa kuulizwa hapa ni la kimuundo. Habari ndani ya mtandao hupita mikono mingi kabla ya kufika hewani. Simu ya msikilizaji hupita mkono mmoja tu, wa mtangazaji aliye kipazani. Msimamizi mkuu anayekaa Nairobi hawezi kuelewa lugha kumi, sembuse mafumbo yake; na tusi kubwa mara nyingi huja kwa fumbo, si kwa neno la wazi. Hivyo umiliki ulikuwa mmoja, lakini uangalizi haukuweza kuwa mmoja.

Sheria zilifuata. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 iliharamisha matamshi ya chuki, na marekebisho ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2009 yaliipa tume ya mawasiliano mamlaka juu ya utangazaji. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kililinda uhuru wa vyombo vya habari. Hata hivyo, mvutano kuhusu masafa haukuisha. Januari 2013, miezi miwili kabla ya uchaguzi, tume hiyo ilizima baadhi ya mitambo ya Royal Media Services ikidai kuwa haikuwa na idhini, dai ambalo kampuni ililipinga mahakamani. Mitambo inapozimwa katika mtandao, wanaonyamazishwa ni wasikilizaji wa lugha kadhaa kwa pamoja. Faida ya kutumia mlingoti mmoja hugeuka kuwa hatari ya kutegemea mlingoti mmoja.

Ulinganisho na Tanzania

Umuhimu wa uamuzi wa kisera huonekana wazi tukivuka mpaka. Tanzania ilifungua utangazaji kwa sekta binafsi kwa sheria ya mwaka 1993, mapema kuliko Kenya ilivyopata kituo chake cha kwanza cha binafsi cha lugha ya asili. Lakini kanuni zake zinavitaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, na leseni hutolewa kwa kuzingatia eneo: taifa, mkoa au wilaya. Matokeo ni kwamba Radio Free Africa, iliyoanzia Mwanza katikati ya Wasukuma, ilikua kwa Kiswahili na kusikika mbali na ziwa. Umahali nchini Tanzania hupimwa kwa ramani. Nchini Kenya hupimwa kwa ulimi. Utaratibu wa kwanza hulinda umoja na kuzinyima lugha za asili nafasi hewani. Wa pili huzipa lugha hizo nafasi, lakini huwapanga wasikilizaji kwa makabila, tena asubuhi ileile wanayopaswa kujadili jambo moja la taifa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mtandao wa redio za lugha za asili nchini Kenya ulikua kutokana na mambo manne yaliyokutana: historia ya kugawana saa iliyowazoeza wasikilizaji lugha zao hewani, kulegezwa kwa leseni baada ya 2002, unafuu wa kutumia mlingoti, chumba cha habari na idara ya mauzo kwa pamoja, na ugunduzi kwamba mnunuzi huguswa zaidi kwa lugha ya nyumbani. Mtandao huo umezipa heshima lugha zilizokuwa zikihesabiwa kuwa za jikoni, na umewapa vijana wengi ajira ambayo sifa yake ya kwanza ni kuijua vizuri lugha ya wazazi wao.

Hata hivyo, lugha na mahali si kitu kimoja. Redio inaweza kuzungumza kama kijiji na kuamuliwa kama jiji. Mtafiti atakayepima umahali kwa lugha pekee ataziona redio hizi kuwa za mashinani kabisa. Atakayepima kwa umiliki pekee ataziona kuwa tawi la Nairobi. Vipimo vyote viwili vinahitajika, pamoja na cha tatu ambacho hakijafanyiwa kazi ya kutosha: ni nani katika idhaa ana uwezo wa kuelewa, kwa wakati uleule, kila kinachosemwa kwa lugha hiyo, na ana mamlaka ya kukizuia au kukitetea? Mpaka swali hilo lijibiwe kwa kila idhaa, lugha ya mama itaendelea kuwa hewani bila ya mama mwenyewe kuwa na kauli nyumbani.